Naomba ushauri: nikihama kampuni ya bima, punguzo la kutodai linanifuata?

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Mbeya, naendesha IST yangu ya kwenda kazini Mwanjelwa na kurudi Uyole. Nina bima kubwa (ile inayolipia hata uharibifu wa gari langu mwenyewe) mwaka wa nne sasa kampuni ileile, sijawahi kudai hata shilingi, ndiyo maana napata punguzo la kutodai, yaani napunguziwa bei ya bima. Mwaka jana bodaboda alining'olea sait mira pale Kabwe, nikanunua nyingine kwa hela yangu ili tu nisipoteze punguzo. Roho iliniuma, lakini nikapiga hesabu nikaona bora.

Sasa kampuni nyingine imenipa bei nzuri kidogo. Wakala wao anasema "punguzo lako tutalitambua", ila kwenye makadirio aliyonitumia silioni popote. Kwangu maneno ya mdomo si bima.

Najua punguzo hujengwa na rekodi ya mwenye bima, si gari. Je, nikaombe barua ya kuthibitisha miaka yangu huko ninakotoka kabla bima haijaisha? Na nikikaa wiki mbili bila bima kubwa, miaka inahesabiwa upya? Aliyewahi kuhama anieleze ilivyokuwa. Bima inaisha mwezi ujao.