Wauza jeki za pikipiki, mnatuuzia jeki ya upepo halafu upepo tuutoe wapi?

Waungwana, leo nimejaa hadi shingoni. Hawa wanaotuuzia jeki za kuinulia pikipiki wanatuona watu wa Pwani hatuna akili. Na kila anayeuliza humu anunue ipi ya nyumbani, anavamiwa na watu wasiowahi kushika spana: chukua ya upepo, ya kukanyaga imepitwa na wakati. Imepitwa na wakati gani?

Niko Malindi, upande wa Maweni. Nina pikipiki yangu na nyingine zinazokimbia boda, na matengenezo madogo nayafanya mwenyewe uani: cheni, breki, bolresi (beringi). Nilipiga simu duka moja la Mombasa nikauliza swali moja, tena nikalirudia: hii jeki itafanya kazi nyumbani kwa mtu wa kawaida? Muuzaji akajibu, "Bosi wangu, hii unabonyeza tu, inapanda yenyewe." Ikaletwa na basi. Kufungua boksi, nakuta mdomo wa kuchomekea mpira wa upepo na kikaratasi kinachotaka presha ya psi 90 hadi 120. Nampigia, ananiuliza, "Kwani huna kompresa?"

Kompresa, mtambo wa kubana hewa! Nikamwambia aichukue jeki yake, akasema boksi likishafunguliwa mali hairudi. Kisha akanipa ushauri, tena kwa sauti ya huruma: niibebe niende nayo kwa fundi wa pancha. Sasa jeki ya upepo haijazwi kama tairi ukaondoka zako. Inakula upepo muda wote inapopanda. Kwa hiyo kila nikitaka kutoa gurudumu la mbele nihamie kwa fundi wa pancha na spana zangu na gari la kubebea jeki?

Na wenye kudhani ya upepo ina nguvu zaidi, sikilizeni. Kwa kawaida zote mbili zinainua kwa oili. Ya kukanyaga, mguu wako unasukuma pampu, pampu inasukuma oili kwenye silinda, pistoni inatoka, pikipiki inapanda. Ya upepo, hewa inashika nafasi ya mguu wako kwenye pampu, oili inafanya kazi ile ile. Basi. Pesa zote hizo unaulipia mguu likizo. Jeki nyingi za aina zote mbili zimeandikwa paundi 1,000 au 1,500. Hiyo ndogo ni kilo 450 na ushei. Hizi pikipiki zetu za boda hazifiki hata kilo 150. Nguvu ya ziada unaitafutia nini?

Haya, tuseme umenunua kompresa. Ndogo ya nguvu farasi mbili inavuta kilowati moja na nusu hivi, na pale inapoanza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya hapo. Jioni mtaa mzima ukiwasha vitu, umeme unalegea, mota inanguruma haizunguki, inapata moto, ikikaa hivyo inaungua. Umeme ukikatika kabisa, nyinyi mnajua Malindi, kazi imeishia hapo. Na inverta ndogo ya sola inayowasha taa na TV isikudanganye, hapo haifui dafu.

Kisha bahari. Hewa yetu ina unyevu, na ukiibana kwenye tanki yale maji yanatulia chini. Usipofungua koki ya chini ya tanki kila ukimaliza kazi, chuma kinaoza kwa ndani bila wewe kuona, na tanki lililooza likiwa na presha linaweza kupasuka. Maji mengine yanapita kwenye mpira hadi ndani ya jeki. Hili muuzaji hakulitaja kabisa! Sisemi ya kukanyaga haili kutu. Inakula, ifute na uipake grisi pistoni. Lakini hapo unalinda chuma kimoja, si mtambo na mtoto wake.

Kuna jambo moja ambalo ya upepo imeshinda na sitalificha: inapanda taratibu bila kutikisika, na mguu hauna kazi, kwa hiyo mtu aliye peke yake anaishikilia pikipiki vizuri. Ukikanyaga pedali huku umeshika usukani, pikipiki inacheza. Dawa yake ni kibano cha gurudumu la mbele na mikanda miwili ya kuvuta huku na huku. Hiyo haihitaji tokeni ya umeme.

Kitu cha kugombana nacho kweli ni pini. Yoyote utakayochukua, sili (mipira ya kuzuia oili isitoke) zikichoka oili inavuja na jeki inashuka, pengine wewe uko chini yake. Lazima iwe na pini, yaani chuma cha kuifungia ikishafika juu, mzigo ukae kwenye chuma na si kwenye oili. Yangu matundu yapo, pini hamna. Kumuuliza muuzaji, eti nitumie msumari mnene. Msumari, jamani!

Na kuna boda zisizo na fremu inayopita chini ya injini. Ukiingiza jeki ndogo ya kuinulia katikati unabeba tumbo la injini na bolti ya kumwagia oili. Weka ubao, au tafuta ile ya meza ambayo pikipiki inapanda mzima mzima.

Nyongeza: kuna ndugu hapo chini amesema jeki ya kukanyaga ya shemeji yake inashuka na kupanda kama sponji, eti ndiyo ubovu wake. Kaka, hiyo imeingiwa na hewa. Fungua vavu ya kushushia, kanyaga mara kadhaa ikiwa haina mzigo, funga, angalia kiwango cha oili. Na iwe oili ya haidroliki, msitie ile ya breki, inaharibu sili.

Mwingine amesema ziko za upepo ambazo pia zinakanyagika. Ziko, na hizo sina ugomvi nazo. Ndiyo maana nataka kila muuzaji aandike kwenye tangazo: inataka presha ngapi, upepo ukikosekana inakanyagika au haikanyagiki, pini ipo au haipo. Mistari mitatu tu. Mbona picha za wasichana waliokaa juu ya pikipiki hamkosi nafasi ya kuziweka?

Jeki yangu iko uani imefunikwa turubai. Mwenye karakana na kompresa yake anitumie ujumbe tuelewane bei, pini atachongesha mwenyewe.