Msaada: kubadili kompoziti (herufi iliyoungwa na alama) za ļ na ņ kwenye Glyphs, programu ya kutengeneza fonti, nataka sedila sio koma

Wakuu naombeni msaada. Kuna fonti natengeneza na nataka iandike Kimarshall (lugha ya Visiwa vya Marshall) vizuri, sasa nikiongeza ļ na ņ programu inaziunda yenyewe kwa kuweka koma inayoelea chini, wakati Wamarshall wanataka sedila, ile yenye mkia ulioshikana na herufi. Nikibadilisha kwa mkono inakubali ila nikiunda kompoziti upya koma hiyooo imerudi. Niibadilishe moja kwa moja au?

kalamu_nyeusi: Usiguse hiyo mkuu! U+013C na U+0146 (kodi za ļ na ņ) wanazitumia na Walatvia, na wao koma ndo yenyewe. Yunikodi, kile kiwango cha kodi za herufi, ilizipa jina la sedila, vurugu yote imetokea hapo. Ziache, fungua dirisha la kuongeza glifu (maumbo ya herufi) uandike mapishi yako, yaani herufi + alama = jina la glifu mpya:

l+cedillacomb=lcommaaccent.loclMAH
n+cedillacomb=ncommaaccent.loclMAH

Kubwa nazo hivyohivyo. Ukisasisha vipengele vya OpenType, locl (kipengele kinachobadili umbo la herufi kufuata lugha) inajiandika yenyewe, inasoma hiyo .loclMAH, MAH ndo Kimarshall.

chorachora: Anka (pointi ya kushikishia alama kwenye herufi) pia angalia. n ina miguu miwili, ukitumia anka ya bottom iliyo katikati sedila inaning'inia hewani haijashika kitu. Mi huwa naipa anka yake, cedilla kwenye herufi na _cedilla kwenye alama, hapo naisogeza bila kuvuruga nukta za chini. Ikae mguu upi, tazama kwanza maandishi yao yaliyochapwa, usibuni.

Mwenye uzi: Imekubali aisee, shukrani. Vipi m̧ na o̧, mbona sizioni kwenye orodha?

kalamu_nyeusi: Hazina kodi zao, ni herufi ikifuatwa na U+0327, sedila ya kuunganishwa. Hapo kompoziti huhitaji, weka anka ileile kwenye m na o, kipengele cha mark (kinachopachika alama kwenye anka) kitazipanga. n̄ nayo vivyo hivyo ila anka ya juu.

Mwenye uzi: Ngoma bado, nimejaribu kwenye brauza ļ inatoka na koma

chorachora: Ukurasa umeuambia ni lugha gani? Weka lang="mh". locl haifanyi kazi kama programu haijui lugha, na zipo nyingi tu hazijui. Kwa hizo toa toleo la pili la fonti, kwenye mipangilio yake weka Rename Glyphs, lcommaaccent.loclMAH=lcommaaccent na wenzake, sedila inakuwa ya kawaida. Jina la fonti libadilishe tu zisije zikagongana.