Naomba ushauri: mjomba, mstaafu wa Jeshi la Anga, anataka kuchambua siasa redioni

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Mjomba wangu alistaafu akiwa afisa wa Jeshi la Anga, sasa yuko nasi hapa Chumbageni, Tanga. Redio moja ya mjini imemwomba awe mchambuzi wa siasa na usalama kila wiki, na anatamani sana. Mfano wake ni Michael Hayden wa Marekani, jenerali wa nyota nne wa anga aliyeongoza NSA (shirika la ujasusi wa mawasiliano) kuanzia 1999 hadi 2005, kisha shirika la ujasusi la CIA 2006 hadi 2009. Jeshini alistaafu 2008, baadaye akawa mchambuzi wa CNN.

Baada ya alasiri humkuta mjomba barazani na daftari lake, anaandika mistari miwili anafuta mmoja, hasa akigusa mambo ya kambini. Hofu yake naiona, nami ninayo, maana heshima yake ameijenga miaka mingi.

Katiba tumeisoma. Ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama, ila inamhusu aliye kazini. Mwanasheria mmoja ametuambia mstaafu ni raia kama wengine, lakini siri za kazi bado zinambana kwa Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970. Mstaafu mwenzake anasisitiza aombe ruhusa kwa maandishi.

Wenye uzoefu, nisaidieni: je, analazimika kupata kibali cha jeshi kabla ya kuzungumza? Na atambulishwe kwa cheo au kwa jina tu, ili msikilizaji asidhani anasema kwa niaba ya jeshi?