Naombeni ushauri: nataka kukusanya medali za Uingereza za kukomesha utumwa, nianzie wapi?

Bint_Pangani:
Wakuu habari za jioni, na shikamooni wote mnaostahili.

Naishi Birmingham mwaka wa sita huu, kazi yangu ni zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Jumapili nikitoka kazini napitia soko moja la nje ambako watu hufungua buti za magari na kuuza vya nyumbani kwao: vyombo, vitabu, redio mbovu. Miezi mitatu iliyopita nikakuta kopo la biskuti lina medali saba ndani. Nikalibeba lote kwa pauni 20 bila kujua nanunua nini.

Kubwa kuliko zote ni ya shaba, inajaza kiganja. Upande mmoja kuna Malkia Victoria mzee, shela kichwani, mashavu yameshuka. Upande wa pili kuna msichana, shingo ndefu, nywele zimefungwa nyuma. Nilidhani ni binti yake. Usiku ule wazee walipolala niliiweka chini ya taa ya meza nikaona mwaka 1837 umeandikwa kwenye upande wa msichana, na upande wa bibi kuna tarakimu za Kirumi za 1897. Ni mtu yuleyule, miaka 60 katikati, na ukitaka kumwona alivyokuwa unageuza tu mkono. Tangu siku hiyo sijatulia.

Sasa nimepata muuzaji mwenye duka dogo la vitu vya kale, ana tatu ninazozitazama:

Ya kwanza ni shaba nyekundu, imeandikwa 1807, Mzungu na Mwafrika wanapeana mikono, na upande wa pili ni Kiarabu kitupu. Anataka pauni 90.

Ya pili ni ya madini meupe, mwaka 1834, mtu aliyekata minyororo. Pauni 70, ila imetobolewa juu.

Ya tatu ni ya meli Lusitania, ipo ndani ya boksi lake, na anasema ni ya Kijerumani halisi na ni adimu. Pauni 250.

Nilichonacho ni pauni 150 na sitaki kukopa. Zile mbili za mwanzo zinanigusa kwa sababu ya nyumbani. Bibi mzaa mama alikuwa hataki kuulizwa asili ya mama yake. Tukimuuliza anasema "aliletwa", basi, anainuka kwenda jikoni. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa neno lile.

Jambo jingine: kwenye lile kopo kuna medali mbili za kutawazwa kwa Edward VII. Moja inasema 26 Juni 1902, nyingine 9 Agosti 1902. Ipi ni feki?

Mzee_wa_Sarafu:
Marahaba mwanangu. Mimi nimekusanya sarafu za Afrika Mashariki tangu zile zenye tundu katikati zikitumika sokoni, na medali zimenila pesa kwa miaka mingi, kwa hiyo nisikilize kwa makini.

Hakuna feki kati ya hizo mbili za Edward. Kutawazwa kulipangwa 26 Juni, viwanda vikapiga medali mapema, mfalme akashikwa na ugonjwa wa kidole tumbo akapasuliwa siku mbili kabla ya sherehe. Ikasogezwa hadi 9 Agosti. Zenye tarehe ya Juni ziko nyingi kwa sababu mzigo ulikuwa tayari umetoka kiwandani. Hali ni hiyohiyo kwa Edward VIII. Aliacha kiti Desemba 1936, kutawazwa kwake kulikopangwa 12 Mei 1937 hakukufanyika, lakini medali zake zimejaa kila mnada. Atakayekwambia ni adimu kwa vile mfalme hakutawazwa, muage kwa heshima uondoke.

Kuhusu Lusitania: acha. Tena acha leo hii. Medali ile aliitengeneza Karl Goetz wa Munich kwa gharama zake, kuikejeli kampuni ya meli iliyouza tiketi wakati wa vita. Meli hiyo ya abiria ya Waingereza ilizamishwa na nyambizi ya Wajerumani 7 Mei 1915, yeye akaandika tarehe 5 kwa makosa. Waingereza wakaliona kosa lile wakasema: si mnaona, Wajerumani walipanga kabla! Wakatoa nakala kwa mamia ya maelfu, kwenye maboksi, kila moja shilingi moja, ili dunia ione ukatili wa adui. Kwa hiyo boksi lenyewe ndilo linalokwambia hiyo ni nakala ya Uingereza. Soma mwezi: ya Goetz imeandikwa MAI kwa Kijerumani, nakala imeandikwa MAY. Halafu chukua sumaku. Nakala nyingi ni za chuma, zitanasa.

Hiyo haiifanyi kuwa takataka. Ina historia nzito sana, pengine kuliko ya asili. Ila kwa pauni 250, hapana.

Bint_Pangani:
Baba asante. Nimeangalia picha niliyopiga dukani. Imeandikwa MAY. Nimekaa chini.

Mwalimu_Mkunazini:
Dada yangu, tafadhali tuwekee picha ya upande wa Kiarabu. Nipo Unguja, nafundisha Kiarabu, na sijawahi kuiona hiyo.

Bint_Pangani:
Hiyo hapo mwalimu, nimepiga mbili. Mwanga wa dukani si mzuri.

Mwalimu_Mkunazini:
Imesomeka. Inasema kuuza watumwa kumepigwa marufuku mwaka 1807 wa Kimasihi, katika enzi ya George wa Tatu, na kwamba hakika sisi sote ni ndugu. Upande wa Kiingereza unasema hivyohivyo, WE ARE ALL BRETHREN.

Nilipoona Kiarabu nilidhani ililetwa huku kwetu, kumbe ilitengenezwa kwa ajili ya Sierra Leone, ambako wafanyabiashara Waislamu wa bara walisoma Kiarabu. Na tarehe isikuchanganye: 1807 ni mwaka wa sheria, medali yenyewe ilipigwa miaka kadhaa baadaye, mnamo 1814.

Nimewaonyesha wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Mmoja akaniuliza, mwalimu, mbona sisi hatukuletewa?

Mjukuu_wa_Askari:
Samahanini, mimi naona tofauti. Hawa watu walibeba mamilioni kuvuka Atlantiki, halafu wakajipigia medali za kujisifu kwa kuacha. Leo dada yetu anatoa jasho la zamu za usiku kununua sifa zao? Walipokomesha utumwa kwenye makoloni yao, pauni milioni 20 walilipwa wenye watumwa. Waliofanywa watumwa hawakupata hata senti. Hizo pauni 90 mpelekee mama yako Pangani.

Mzee_wa_Sarafu:
Mjukuu, hasira yako naielewa na hoja ya fidia ni ya kweli tupu. Ila umeichukulia medali kama cheti cha ukweli. Medali ni neno la aliyeitoa. Inakwambia alitaka watu waamini nini siku ile.

Chukua Admirali Vernon wa Uingereza. 1739 aliteka Porto Bello, bandari ya Wahispania, kwa meli sita, Uingereza ikapagawa, mafundi wakatoa medali za bei ya chini za madini ya njano kwa aina zaidi ya mia. Mwaka 1741 akaenda kushambulia Cartagena, ile ya Kolombia ya leo. Mafundi hawakusubiri habari. Wakapiga medali inayomwonyesha kamanda wa Hispania, Don Blas de Lezo, amepiga magoti mbele ya Vernon anasalimu amri. Ukweli ni kwamba Vernon alishindwa vibaya, na Lezo hakumpigia mtu goti. Medali zipo mpaka leo, unaweza kuzishika: ushindi ambao haukutokea, na jina na tarehe juu yake.

Mimi hizo ndizo ninazozipenda kuliko zote. Anayekusanya akijua hivi hanunui sifa za mtu. Anahifadhi ushahidi.

Mwalimu_Mkunazini:
Naongezea kwenye ile ya 1834 ya dada. Hizo huandikwa kuwa utumwa umekwisha katika himaya yote ya Uingereza tarehe 1 Agosti 1834. Sheria ile haikugusa maeneo ya Kampuni ya India Mashariki wala Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Na kule Karibi watu waliambiwa wako huru, halafu wakalazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana walewale kwa jina la "wanagenzi" hadi 1838. Huku kwetu soko la Unguja lilifungwa na Sayyid Barghash 1873, baada ya kubanwa na Waingereza, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria visiwani 1897. Mwaka uleule wa medali yako ya Victoria, dada.

Na Pangani kwenu ilikuwa chini ya Mjerumani. Tanganyika sheria ya kuufuta kabisa ilikuja 1922.

Kwa hiyo ukiiweka ile ya 1834 mezani, weka karatasi pembeni uandike 1838, 1873, 1897, 1922. Hapo itasema yote.

Bint_Pangani:
1922 bibi alikuwa hajazaliwa, lakini mama yake alikuwa mtu mzima.

Kaka Mjukuu, sijakukasirikia. Mama namtumia kila mwezi kabla sijajilipia hata nauli. Hizi ni za kwangu.

Sonara_Makorora:
Mimi si mkusanyaji, mimi ni fundi wa dhahabu na fedha, Tanga. Nitasema ya madini tu.

Usisafishe. Nimeona watu wanaharibu mali kwa dawa ya meno, ndimu, majivu, soda. Ile rangi ya hudhurungi juu ya shaba ni ngozi yake, imechukua miaka mia mbili kuota. Ukiisugua inang'aa kama sufuria mpya na bei inaanguka palepale. Ishike kwa ukingo, kiganja kina jasho na chumvi.

Kujua kama imepigwa kwa muhuri wa chuma au imesubiwa, yaani madini yaliyeyushwa yakamiminwa kwenye kalibu: angalia uwanda ulio wazi kati ya herufi kwa lenzi. Iliyosubiwa ina vishimo vidogo kama ngozi ya chungwa, herufi zake zimelegea, na kwenye ukingo mara nyingi kuna mstari wa tupa. Pia kipenyo hupungua kidogo kwa sababu madini hunywea yakipoa. Kwa hiyo pima, ulinganishe na kipimo cha kwenye katalogi. Lakini ile ya Lusitania ilisubiwa tangu mwanzo, kwa hiyo kipimo hiki hakiihusu.

Fedha: ipime hewani, kisha ining'inize kwa uzi ndani ya maji uipime tena. Gawa uzito wa hewani kwa tofauti ya vile viwili. Fedha ya Kiingereza itakupa kama 10.3, shaba nyekundu karibu 8.9, bati 7.3. Iliyopakwa fedha juu haiwezi kudanganya maji.

Ile ya madini meupe ni bati kwa sehemu kubwa, laini sana. Ikianguka sakafuni mara moja tu, alama haitoki. Usiitie kwenye vile vifuko vya plastiki laini yenye harufu, vinatoa ute wa kijani unaokula madini. Tumia bahasha za karatasi isiyo na asidi. Siku utakapozileta pwani weka na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi la viatu.

Mzee_wa_Sarafu:
Fundi amemaliza. Mimi nibakize mawili. Usiamini bei ya kwenye vioo vya maduka, angalia bei ambayo minada imeuzia kweli, nyingi ziko wazi mtandaoni. Na ukisoma maelezo ya wauzaji utakuta BHM au Eimer na namba mbele yake. Hizo ni namba za katalogi, zitafute maktaba ya jiji hapo Birmingham kabla ya kununua hata moja nyingine.

Halafu, mwanangu, unajua umekaa wapi? Birmingham ndiko zilikotoka nyingi. Nyumba ya Matthew Boulton, Soho House, iko Handsworth, ni makumbusho sasa. Kiwandani kwake ndiko ilikopigwa medali ya vita vya baharini vya Trafalgar aliyoilipia mwenyewe wapewe mabaharia wa Nelson, ya bati kwa wa vyeo vya chini. Nenda siku yako ya mapumziko.

Ushauri wangu: chukua ya 1807, ukiwa umelala na umeamka bado unaitaka. Ya tundu bei yake ni kubwa, mwambie apunguze.

Bint_Pangani:
Mrejesho, wakuu.

Jumamosi nilikwenda na lenzi na rula. Lusitania ilinasa kwenye sumaku ya friji niliyobeba. Muuzaji akacheka, akasema na yeye aliuziwa hivyohivyo, akairudisha kabatini.

Ya 1807 uwanda wake ni laini, herufi zimesimama wima, mpaka vidole vya ile mikono miwili vinahesabika. Ameniachia kwa 80.

Nikamuuliza ile ya 1834 kwa nini ina tundu. Akasema hizi watoto walitungiwa utepe wakavaa kifuani siku ya sherehe, nyingi ndivyo zilivyo. Nikaiangalia kwa lenzi. Tundu halikutobolewa kwa mashine, limekwenda upande, na mdomo wake wa juu umelika, umekuwa laini pale utepe ulipokuwa unaning'inia. Haikuvaliwa siku moja ile. Ilivaliwa sana.

Nimelipa 45 kwa hiyo. Nimebakiwa na pauni 25, na karatasi ya mwalimu nimeshaiandika.