Tupeane uzoefu: kazini kila siku na safari za uwanja wa ndege, usafiri wa umma au gari lako?

#1
Wakuu habari zenu. Naomba wale mliojaribu pande zote mbili mseme ukweli, maana mwenye gari anatetea gari na wa basi anatetea basi, na waliokaa chini wakapiga hesabu ni wachache. Naanza mimi. Nimeendesha kwenda kazini miaka sita na hesabu yangu ilikuwa mafuta tu, nalinganisha mafuta ya wiki na nauli ya wiki naona zinakaribiana, nawasha gari. Mwaka jana nikaanza kuandika kila kitu kwenye daftari, sevisi, matairi, bima, pakingi, betri, na thamani ya gari inavyoshuka hata likiwa limelala tu nyumbani. Aisee, mafuta hayakufika nusu ya gharama yote. Sasa hivi siku nne napanda treni, siku moja naendesha, ile siku ambayo lazima nipitie sehemu tatu baada ya kazi. Leteni ya kwenu, na mtaje dakika kuanzia mlango wa nyumbani hadi mlango wa ofisi, sio dakika za kukaa ndani ya treni peke yake.

#2
Mkuu hesabu yako nzuri ila kuna kitu umekipita. Bima unalipa hata ukipanda treni siku nne, na thamani inashuka vilevile. Kama gari unabaki nalo basi cha kulinganisha na nauli ni mafuta, pakingi na uchakavu wa zile kilomita tu, na hapo mara nyingi gari linarudi kwenye mchezo. Sisi nyumbani tulikuwa na mawili, tukauza moja, na hapo ndio pesa tukaiona kwa macho. Kabla ya kuuza tulikuwa tunalipa gari na tunalipa nauli juu yake.

#3
Mimi nafanya kazi za zamu, naingia jioni natoka usiku wa manane. Kwenda napanda basi vizuri kabisa, tatizo kurudi. Basi la mwisho linaondoka kabla sijakabidhi zamu, na ukilikosa unasimama kituoni peke yako mwanamke, taa yenyewe inawaka leo kesho imezima. Nimefanya hivyo miezi minne na kila siku nilikuwa nafika nyumbani moyo unadunda. Nikakopa nikanunua gari dogo, najua ni ghali, wala sijutii. Wanaopanga ratiba wanamfikiria mtu wa ofisini anayetoka saa 11 jioni, sisi wa hospitali, ulinzi na viwandani hatumo kabisa kwenye hizo karatasi. Inaniuma sana mtu akisema tunaoendesha hatujali msongamano.

#4
Dada wa #3 pole, na umesema kweli tupu.

Mimi naongelea uwanja wa ndege. Kwa gari ni dakika 35 siku nzuri, kwa treni 55 na lazima ubadilishe mara moja. Nilikuwa naendesha kila safari kwa sababu 35 ni ndogo kuliko 55, mpaka siku lori likapinduka mbele yetu, tukakaa barabarani saa mbili bila kusogea. Nilifika ndege bado ipo pale, naiona kwa kioo, lakini kaunta ya mizigo imeshafungwa. Viwanja vingi safari ya nje wanafunga kama saa moja kabla ya kuruka na hapo hakuna cha kumbembeleza mtu. Nilikuwa nawahi mazishi ya mjomba, nikayakosa. Tangu siku ile siangalii tena dakika za siku nzuri, naangalia siku mbaya inafika wapi. Treni ikichelewa sana kwangu ni dakika 20. Gari likikwama halina kipimo.

#5
Na wanaosindikizwa na ndugu hawahesabu kitu. Mtu anakupeleka anarudi mtupu, siku ya kurudi anakuja mtupu anakurudisha, hizo ni njia nne kwa safari yako moja, na muda wake nani anaulipa? Kaka yangu alinisindikiza miaka mingi sana sikuwahi kuwaza hivyo.

#6
Jamani watu wenye watoto mko wapi? Watoto wawili, mabegi matatu, kigari cha mtoto, na kituo cha kubadilishia treni lifti mbovu. Nilipandisha ngazi kwa awamu, mtoto mkubwa analinda mabegi juu mimi nashuka kumchukua mdogo. Sirudii. Nikiwa peke yangu na begi la mgongoni treni bila kufikiria, nikiwa na familia gari, na kabla ya kuondoka nacheki bei ya pakingi. Safari ya siku tatu inalipika, ya wiki mbili pakingi inaweza kuzidi teksi ya kwenda na kurudi.

#7
Niongeze kidogo, usafiri wa umma sio kitu kimoja. Basi lisilo na njia yake linakaa kwenye foleni ileile na bado linasimama kila kituo, hapo siwezi kumlaumu mtu akipanda gari lake. Njia moja (leni) ya barabara kuu inapitisha kama magari 2,000 kwa saa, ikizidi hapo mwendo unaanguka ghafla, ndio maana ukitoka nyumbani dakika 20 mapema unaweza kuokoa 40. Na haihitaji kupunguza magari yote. Stockholm kule Sweden walianza majaribio ya kutoza magari yanayoingia mjini Januari 2006, magari yakapungua kama moja ya tano na foleni ikashuka wazi, 2007 wakaifanya ya kudumu. Ila mabasi waliongeza kwanza kabla ya kutoza, hiyo sehemu watu wanapenda kuiruka.

#8 (mleta mada)
#2 umenifungua macho, wiki hii tunakaa na mke wangu tuone kama gari la pili lina kazi. Swali kwa #4, ndege ya saa 12 asubuhi unafanyaje na treni ya kwanza inaanza saa 11?

#9
Mimi wa #4. Hiyo mkuu napanda teksi kwenda, nimeiagiza tangu jana yake, alfajiri barabara haina mtu. Kurudi napanda treni, maana nikitua jioni sina cha kuwahi na foleni ya saa hizo naijua. Angalia tu isiwe siku ya matengenezo ya reli, mara nyingi wanaziweka wikiendi.