Tupeane uzoefu: hesabu ya volti na ampea imewahi kukusaidia wapi?

Wadau, salaam. Hesabu zenyewe ni fupi: volti (msukumo wa umeme) ukigawanya kwa ampea (mkondo unaopita) unapata ukinzani (kiasi mkondo unavyozuiwa) kwa omu, ukizidisha unapata nguvu kwa wati. Mwanafizikia Georg Ohm alichapisha kanuni yake ya ukinzani mwaka 1827, lakini wengi wetu tunaikariri kwa ajili ya mtihani, ukiisha tunaiweka kando. Leteni visa vya kazini.

Naanza na changu. Kebo ndefu ya kuunganishia, imeviringishwa bado, inalisha birika la umeme na ukiishika ina moto mkononi. Ukutani nilipima volti 240. Mwisho wa kebo, birika likiwa linachemsha, nikakuta 228, na mkondo ampea 7.9. Volti 12 zimepotelea njiani. 12 gawanya kwa 7.9 ni omu 1.5 hivi, ambazo ni za kebo yenyewe. 12 mara 7.9 ni kama wati 95, zote joto, tena limefungiwa ndani ya mviringo. Mwenye kebo alikuwa anashuku birika. Nilimwonyesha namba hizo, akabadilisha kebo akachukua ya waya mnene.

Mwalimu wa fizikia:
Mkuu, hapo umegusa jambo. Wape watu pia balbu ya nyuzi ya wati 60, volti 240. Kwa hesabu inavuta ampea 0.25, basi ukinzani ni omu 960. Ukiipima kwa multimita (kipimo cha volti, ampea na omu) ikiwa imezimwa na imepoa, utasoma omu 70 hivi. Wanafunzi wangu huwa wanakimbilia kusema kipimo kibovu. Kipimo ni kizima! Tungsteni, metali ya uzi wa balbu, ikipata joto ukinzani wake unapanda, na uzi huo ukiwaka unapita nyuzi joto 2,000. Ndiyo maana nasisitiza: volti gawanya kwa ampea inakupa ukinzani wa wakati ule ulipopima, si wa milele. Na hapo mtaelewa kwa nini balbu hupenda kuungua pale pale unapobonyeza swichi: uzi ukiwa baridi, mkondo wa mwanzo unazidi ampea 3.

Fundi wa redio:
Kwangu ni taa ndogo za LED. Betri volti 12, taa inachukua 2, zinabaki 10 za kubebwa na rizista, kile kipande kidogo cha kuzuia mkondo. Nataka mkondo wa ampea 0.02, kwa hiyo omu 500. Naweka 560, ndiyo inayopatikana kirahisi. Wengi wanaishia hapo. Piga na wati: karibu 0.18. Rizista ya robo wati itavumilia lakini itakuwa na joto, mimi naweka ya nusu wati, hasa kama kasha limefungwa.

Fundi wa mota:
Nyongeza fupi. Kwenye mota ya umeme wa AC (mkondo geu, kama wa ukutani), volti mara ampea si wati halisi. Feni ya volti 240 inayovuta ampea 0.5 inakupa 120 kwenye karatasi, ila kipimo cha wati kinaweza kusoma 90, kwa sababu mkondo na volti haviendi pamoja. Kwa hita na birika, zidisha bila wasiwasi.

Mwanafunzi wa ufundi:
Asanteni wakubwa. Ampea mnazipimaje bila kukata waya?

Fundi wa mota:
Tumia ampmita ya kubana. Fungua taya zake, zungushia waya mmoja tu. Ukizungushia wote wawili itasoma sifuri, maana mkondo unaokwenda na unaorudi unafutana. Na multimita ya kawaida ikiwa kwenye ampea, usiiguse kwenye soketi moja kwa moja. Ukinzani wake ni mdogo mno, utakuwa umepiga shoti.