Timu nne, wachezaji haba: tuanzishe vipi ligi ya raga isiyofia katikati ya msimu?

Jezi Namba 9:

Wakuu, naomba ushauri, hasa kwenu mliowahi kuendesha mashindano yenyewe na si kucheza tu.

Nafundisha klabu ya ridhaa ya raga ya ligi, ile ya wachezaji 13. Huu ni mwaka wetu wa tatu. Daftari langu lina majina 26, lakini siku ya mechi nikipata 15 nashukuru. Huyu yuko zamu kazini, yule ana mtihani, mwingine bega halijapona. Zipo klabu nyingine tatu ambazo tunaweza kwenda kucheza nazo na kurudi siku hiyohiyo.

Mwaka jana tulipanga ligi ya nyumbani na ugenini, mechi 12. Zilizochezwa ni 5. Zilizobaki zote zikaisha kwa pointi za mezani, na timu iliyoongoza msimamo ilikuwa imeingia uwanjani mara mbili tu. Vijana walivunjika moyo. Wawili wamerudi kucheza yunioni, ile raga ya wachezaji 15, na siwezi kuwalaumu.

Tuna kikao hivi karibuni. Wenzangu wawili wanataka tuanze moja kwa moja na kombe la kitaifa, wanasema wadhamini watakuja wenyewe wakiona. Moyo wangu unakataa, ila sina hoja ya kuweka mezani. Nyie mngeanzia wapi?

Beki wa Kati:

Pole sana mkuu. Kombe liacheni kwanza, hapo nipo nawe. Ila hata ligi msiikimbilie. Subirini kila klabu ifikishe wachezaji 20 wa uhakika. Mchezo huu ni 13 kwa 13, dakika 80, na ulinzi wake unategemea mstari kamili. Ukiwazoesha vijana kucheza wachache wachache, siku wakikutana na timu iliyokamilika watapasuka pembeni kila baada ya mkabo wa tatu, yaani mwenye mpira akishakamatwa na kuangushwa mara tatu. Mimi nimelishuhudia hilo.

Katibu wa Ratiba:

Namba 9 mdogo wangu, nimepanga ratiba za ligi ya ridhaa kwa misimu 11, kwa hiyo uliyoyaandika nimeyasoma kama barua yangu mwenyewe.

Beki, nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe. Hao 20 hawatakuja kwanza ndipo mechi zifuate. Mechi ndizo zinazowaleta. Mtu anayejua Jumamosi kuna mchezo atabadilishana zamu na mwenzake. Asiyejua hata Jumanne mazoezini humwoni. Ukisubiri 20, mwakani utakuwa unasubiri ukiwa na 12.

Tena mchezo wetu wenyewe ulizaliwa kwa kuangalia hali ya wachezaji. Mwaka 1895 klabu 22 za kaskazini mwa Uingereza zilijitenga baada ya kikao cha Huddersfield, na kiini cha ugomvi kilikuwa ujira. Watu wa viwandani na migodini walipoteza malipo ya Jumamosi wakienda kucheza, na wakubwa wa mchezo hawakutaka wafidiwe. Mwaka 1906 wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13 ili mpira utembee. Hii 13 tunayoiona kama amri ilikuwa uamuzi wa watu waliokaa kikao kama chako.

Sasa nikueleze Jumamosi moja. Mechi ilikuwa saa 9 alasiri. Saa 8 na dakika 40 basi la wageni likaingia, mlango ukafunguka, wakashuka watu tisa na kocha wao. Nahodha alikuwa amekumbatia mfuko wenye jezi 17 na hakutaka kuniangalia usoni. Kanuni yetu ilisema timu isiyofika 11 imeshindwa. Fomu ilikuwa mkononi mwangu, kalamu tayari, bado kuandika sifuri tu. Upande wa pili wenyeji 16 walikuwa wameshafunga viatu na wazazi wameketi kwenye nyasi.

Nikamwita refa na manahodha wote wawili. Tukakubaliana tisa kwa tisa, robo nne za dakika 15, na wenyeji wapishane ili kila mtu acheze. Wageni walifungwa trai nyingi, yaani mabao ya kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa mwisho. Lakini mwishoni kijana wao mmoja, jezi ikimfika karibu na magoti, alikabwa hatua tatu kutoka mstarini. Akasimama kabla aliyemkaba hajajiinua, akaweka mpira chini, akauviringisha nyuma kwa mguu, ndivyo mpira unavyorudishwa mchezoni baada ya mkabo. Mwenzake akauchota na kuzama nao kwenye kona. Wale tisa walimbeba kijana yule kana kwamba wametwaa kombe. Mechi iliyofuata walileta watu 14.

Usiku ule nilikaa nikaandika upya kanuni. Ninachokushauri kinatoka humo.

Futeni pointi za mezani kabisa. Ushindi uwe pointi 3, sare 2, na anayefika akacheza akafungwa apate 1. Asiyefika hapati kitu, na aliyemsubiri naye hapewi zawadi ya bure. Mechi inatafutiwa tarehe nyingine. Hapo utaona klabu zinavyoanza kusaidiana usafiri, kwa sababu hakuna anayefaidika na mwenzake kukwama.

Idadi ipangwe siku mbili kabla. Kila Alhamisi saa 2 usiku makatibu wanatuma majina. Timu yenye wachache ndiyo inayoamua ukubwa wa mchezo: 13, 11 au 9. Mwenye watu wengi anaruhusiwa kumwazima mwenzake wachezaji, na aliyeazimwa hapotezi chochote kwa timu yake.

Msimu uanze kwa siku za pamoja. Timu zote nne uwanja mmoja, kila moja inakutana na zote, mechi sita za tisa kwa tisa. Nusu moja ni dakika 9, kwa hiyo siku inatosha na nafasi ya kupumzika ipo. Mnahitaji uwanja mmoja, sanduku moja la huduma ya kwanza na marefa wawili wa kupokezana. Baada ya siku tatu za namna hiyo ndipo muingie kwenye 13 kwa 13, na hapo hofu ya Beki itakuwa imepata dawa, maana mtakuwa mmeshajua nani anakuja kweli.

Wale wawili wa yunioni usiwafungie mlango. Chezeni miezi ambayo yunioni imepumzika. Uingereza walifanya hivyo mwaka 1997: walianzisha ligi ya timu 10 nje ya maeneo yaliyozoea mchezo huu, wakaicheza kiangazi, na wachezaji wa yunioni wakapata nafasi ya kuijaribu bila kugombana na makocha wao. Ilikua hadi ikagawanywa kimikoa.

Kuhusu kombe la kitaifa, naliandika hili kwa uchungu. Tuliwahi kulipa ada ya kombe kwa chama fulani, tukanunua jezi mpya, tukaacha ligi yetu ipumzike wiki sita kupisha. Kombe halikuchezwa na ada haikurudi. Klabu mbili hazikufungua msimu uliofuata. Kwenye kikao chako waulize wenzako swali moja tu: kombe likiahirishwa, Jumamosi hiyo vijana watacheza na nani?

Mama Winga:

Naongeza la kwetu wazazi. Kwenye hizo siku za pamoja wekeni mchezo wa watoto katikati, wa kugusana bila kukabana. Mwanangu alianzia hapo, na mimi ndipo nilipoanza kukaa mezani kuandika matokeo. Mzazi aliyepewa kazi hurudi.

Jambo la pili ni kichwa. Andikeni kwenye kanuni, msiache kwa busara ya kocha. Mwongozo wa Uingereza wa 2023 kwa michezo ya ridhaa unasema aliyepata mtikisiko wa ubongo asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21, na anayeshukiwa tu atoke uwanjani hapohapo. Timu yenye watu tisa ndiyo itakayoshawishika zaidi kumrudisha mtu. Kwa hiyo mtu wa kuamua asiwe wa timu ile.

Beki wa Kati:

Katibu, kwa mpangilio huo wa kuanza na tisa kisha kupanda, nakubali. Nilidhani mnataka kubaki hapo. Ila makocha wafundishe ulinzi wa watu 13 mazoezini tangu wiki ya kwanza, hata kama klabu mbili italazimu zifanye mazoezi pamoja.

Jezi Namba 9:

Asanteni sana, dada Katibu nimekunakili neno kwa neno. Maswali mawili. Marefa tunao wawili tu na wote ni wa klabu moja, wengine wanalalamika. Na mtu akifika na wanane je?

Katibu wa Ratiba:

Wanane: mwazime mmoja, mcheze. Nimewahi kumwazima refa wa akiba.

Marefa: kila klabu ilete watu wawili wa kufundishwa kabla msimu haujaanza, mmoja wa filimbi na mmoja wa kibendera. Wachezaji wenye majeraha ya muda mrefu wanafaa sana, mchezo wanaujua na nyumbani wanachoka. Yule wa bega anza naye. Mpe kibendera siku ya kwanza, amtazame refa anavyowarudisha walinzi mita 10 kila mkabo, maana hapo ndipo refa mgeni hupotea. Siku ya pili mpe filimbi kwenye mchezo wa watoto. Klabu isiyoleta watu wake inakatwa ile pointi 1 ya kufika.

Kikao kikiisha rudi utuambie walivyoamua. Nikiona tarehe zenu nitakuchorea ratiba ya siku tatu za mwanzo.